Nipime nini na hakuna kitu cha kupima?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, miaka minne sasa nina kipimamvua juu ya dari kwetu. Huu ugonjwa wa hali ya hewa tuko wawili, mimi na binamu yangu aliyehamia Southampton, Uingereza. Mimi nangoja mvua, yeye yuwangoja theluji, usiku twapigiana simu tukiangalia modeli za utabiri za kompyuta pamoja. Msimu huu vuli imenipa manyunyu tu, na yeye Desemba na Januari zimepita bila chembe, anatembea na koti jepesi kama yuko Mombasa mwezi wa saba. Juzi ameniambia anafuta apu zote. Na mimi daftari nimeliacha tangu mwisho wa Novemba maana kila siku ni sifuri. Je, kukosa kwangu na kukosa kwake ni kitu kimoja? Na mtu apendaye hali ya hewa afanyeje msimu ukigoma?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la uhusiano ni swali zuri na nitalifikia, lakini wacha nianze na lile ulilolipitia haraka kama jambo dogo, kwamba umeacha daftari kwa sababu kila siku ni sifuri. Hapo moyo ulinipiga paa.

Mimi nimesoma vipimo zaidi ya miaka thelathini na kosa hilohilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza kazini. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, anga buluu mpaka macho yauma, kila siku saa tatu asubuhi natoka na silinda ya kioo naenda kwenye kipimamvua, kile cha shaba chenye mdomo wa inchi tano, nang'oa faneli, natoa chupa, naipindua, hakuna kitu. Vumbi tu, na siku nyengine buibui ashajenga nyumba yake mle ndani. Wiki ya pili nikaona kwani natoka kufanya nini, jua si naliona kwa dirisha, nikawa naacha kile kisanduku kwenye fomu kitupu hivyohivyo. Mwisho wa mwezi mkubwa wangu wa kituo akaniita, akaweka kidole juu ya vile visanduku, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hapa mvua haikunyesha, au wewe hukuja?"

Sikuwa na jibu, manake atakayeisoma fomu ile miaka hamsini baadaye hana njia yoyote ya kujua. Sifuri ni kipimo mwanangu, ina uzito sawa na milimita 80 za usiku mmoja, kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyekwenda akaangalia. Kisanduku kitupu hakisemi chochote. Ukame wote unaousikia kwenye redio, zile asilimia za mvua chini ya kawaida, zimejengwa juu ya sifuri za watu waliotoka kuangalia chupa kavu kila siku bila kusifiwa na yeyote. Na hayo manyunyu yako pia yana heshima yake: yakilowesha faneli lakini yasifike kupimika, usiandike sifuri, twaandika TR, maana yake yalianguka ila ni machache mno.

Kuna watu wanalijua hili kuliko sote. Japani kuna ziwa laitwa Suwa, baridi ikikaza linashika barafu lote, halafu ile barafu kwa kunywea usiku na kutanuka mchana inapasuka kwa kishindo na kunyanyua tuta refu linalokata ziwa upande hadi upande, wenyeji wanasema ndiyo njia aliyopita mungu wao akivuka kwenda kumwona mkewe. Makuhani wa hekalu la hapo Yatsurugi ndio wanaoweka rekodi, na rekodi yenyewe imeanza 1443, fikiria, Vasco da Gama hajafika Mombasa bado. Kila Januari mpaka mapema Februari kuhani anatoka alfajiri na wenzake kwenda ukingoni, wanapima joto, wanagonga barafu kama ipo. Tuta lile lilionekana mara ya mwisho 2018, na tangu hapo wamekaa misimu mfululizo wakitoka alfajiri kwa alfajiri na kurudi bila kuliona. Unajua wanaandika nini? Wanaandika kwamba mwaka huu ziwa ni bahari iliyo wazi, wana na jina lake kabisa, wanakwenda kulitangaza hekaluni kwa ibada kama vile wangetangaza barafu. Kwa sababu ya uaminifu huo leo tunajua kwamba miaka 250 ya mwanzo ziwa lilikosa kuganda mara 3 tu, na kati ya 1955 na 2004 likakosa mara 12. Hebu fikiria wangeacha daftari kila msimu ulipowavunja moyo, hiyo hesabu tungeipata wapi?

Sasa swali lako la uhusiano. Iko miaka ambayo mvua yetu na theluji yao zinashikana kweli, na mfano mzuri kabisa ni ule msimu wa 2019 kuingia 2020.

Kwa kawaida maji ya moto zaidi ya Bahari ya Hindi hukaa upande wa Indonesia na mawingu makubwa hukaa hukohuko. Miaka mengine pepo za katikati ya bahari zinageuka, maji ya Sumatra yanapoa, maji ya upande huu wetu yanapata moto kupita desturi yake, basi na mawingu yanahamia huku. Wataalamu wanaiita daipoli chanya, jina hilo lilianza kutumika 1999. Ikienda kinyume, daipoli hasi, vuli yetu inakauka. Sasa 2019 daipoli ilikuja na nguvu iliyokuwa haijaonekana kwa miongo kadhaa, unakumbuka vuli ile, Oktoba mpaka Desemba mvua haikatiki, mafuriko kila upande wa nchi, na West Pokot mlima ukaporomoka Novemba ukafukia watu wakiwa usingizini. Mawingu yale yalipokuwa yakipanda juu yetu yalikuwa yanasukuma hewa ya juu, na hewa ikisukumwa hivyo inatoa mawimbi, makubwa mno, mithili ya yale unayoyaona meli ikipita Kilindini, meli ishakwenda zake lakini wewe umesimama Likoni baadaye kidogo maji yanakuja kukulowesha miguu. Mawimbi hayo ya hewa yakasafiri mpaka Atlantiki ya kaskazini, yakasaidia presha kushuka sana upande wa Iceland na kupanda upande wa visiwa vya Azores, na hapo ule upepo wa magharibi unaoingia Ulaya ukakaza mbio ukibeba hewa ya baharini. Na hewa ya bahari kwa Ulaya wakati wa baridi ni hewa ya joto, hilo binamu yako ashalijua kwa ngozi. Juu zaidi, kilomita 20 mpaka 30 huko, kuna kizunguko cha upepo kinachoizunguka ncha ya kaskazini na kuifungia baridi ndani, nacho msimu ule kikapata nguvu ajabu, baridi ikabaki kulekule Akitiki.

Matokeo yake baridi ya 2019–20 ikawa ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Ulaya, zaidi ya nyuzi 3 juu ya wastani wa 1981–2010. Moscow, mji wa theluji, Desemba ile walibeba theluji ya kutengeneza kwa malori kuja kupamba katikati ya mji kwa mwaka mpya. Watafiti wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza waliichambua wakaandika 2020 kwamba daipoli ya bahari yetu ilikuwa na mkono mkubwa. Mimi siku niliposoma nilitoka nikaenda kukaa pale mbele ya Fort Jesus kuangalia maji, nikawaza kwamba bahari hii hii iliyojaza chupa yangu ndiyo iliyonyang'anya watoto wa Ulaya theluji yao.

Lakini usiikimbilie hadithi hiyo ukaivisha kila mwaka, nakuomba. Vuli ya 2010 ilikufa kabisa hapa, ndiyo iliyofungua mlango wa ule ukame mbaya wa 2011, na Desemba hiyohiyo ya 2010 Uingereza ikapata Desemba ya baridi kuliko zote kwa miaka mia moja, theluji mpaka viwanja vya ndege vikafungwa. Kwa mfano huo vuli yako kavu ilipaswa kumletea binamu yako theluji tele na haikumletea. Kwa hiyo kukosa kwako wewe na kukosa kwake yeye msimu huu sioni sababu ya kuvifunga kamba moja. Yeye amejiweka mahali pagumu tu, Southampton iko kusini kabisa baharini, theluji ya pale yahitaji upepo utoke mashariki au kaskazini na ukae siku kadhaa, upepo ukitoka magharibi tu basi ni mvua na ukungu. Hata miaka ya kawaida watu wa pwani ile wanaikosa. Na chini ya hayo yote dunia yenyewe imepanda joto, siku zinazokaribia kuganda zimepungua, theluji ambayo zamani ingeshika kwa nyuzi sifuri leo inaanguka kama mvua kwa nyuzi mbili. Hilo limwambie waziwazi asije akadhani kila mwaka ni bahati mbaya.

Na umwambie pia asifute kitu kabla ya Machi. Tarehe 12 Februari 2018 hewa ya juu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ilipata joto ghafla, kile kizunguko kikapasuka vipande, na wiki mbili baadaye upepo wa Siberia ukaingia Uingereza. Mwanzo wa Machi theluji ilianguka mpaka pwani yake ya kusini, wakati wengi walishaanza kuhesabu maua. Simuahidi kwamba itarudia. Namwambia msimu wake bado una wiki kadhaa.

Kuhusu modeli za usiku nitasema jambo ambalo hamtalipenda. Ile modeli ya Wamarekani, GFS, inaendeshwa mara nne kwa siku na inafika mpaka siku ya 16, na najua vizuri mnachofanya, mnakimbilia mwisho kulekule siku ya 14, 15, 16, mnakuta dhoruba nzuri, mnapigiana simu, baada ya saa sita inakuja nyengine na dhoruba haipo. Halafu mnajiona mmenyang'anywa kitu, na hakikuwepo tangu awali. Mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha 1963 kwamba kosa dogo kabisa la mwanzo linakua mpaka linaumeza utabiri wote, na mpaka leo ukipita kama wiki mbili hakuna mtu ajuaye mvua itanyesha siku gani. Nusu ya machungu yenu hayatokani na msimu, yanatoka siku ya 16. Jiwekeeni mpaka, msitazame zaidi ya siku ya 7, na usiku mlale, nasema hivi kama mzazi.

Kuhusu kungoja, kuna Waholanzi wa Friesland. Wana mbio za kuteleza kwenye barafu za kupita miji 11, karibu kilomita 200 za mifereji, na zinafanyika tu barafu ikifika unene wa sentimita 15 njia nzima. Mara ya mwisho ilikuwa 4 Januari 1997. Waliwahi kungoja kutoka 1963 mpaka 1985, kwa hiyo kungoja wanakujua. Wanachofanya ni kwamba kila mwaka mazoezi yako palepale, wakaguzi wa barafu wa kila kipande cha mfereji wapo, na wasioweza kuvumilia wanasafiri kila Januari kwenda Austria kwenye ziwa la Weissensee kuteleza kilomita zilezile 200 kwenye barafu ya watu, tangu 1989. Napenda sana hilo la wakaguzi. Binamu yako naye si lazima theluji imjie mlangoni, akiweza apande treni aende kaskazini kwa siku mbili kwenye milima ya Scotland, aiguse, arudi.

Wewe hapa Mombasa una vya kuangalia tele ila macho yako yamekwama kwenye chupa. Kwa mfano umande, ule upepo mwembamba wa alfajiri unaotoka bara kuelekea baharini, unajua unakufa saa ngapi kwenu na kaskazi inaamka saa ngapi? Andika wiki mbili tu utaona una kitu ambacho hakuna modeli inayokuonyesha kwa mtaa wa Kisauni. Andika joto la chini la usiku, manake sasa hivi mpaka Machi usiku wetu hauendi popote, ndizo siku mtu analala na feni na bado shuka inalowa, na mwezi wa saba kusi ikikaza yashuka mpaka kama nyuzi 20 watu wavaa sweta. Andika siku kaskazi inapoanza kulegea na bahari kutulia kabla kusi haijashika. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na mwaka mzima wa jua, unaanza Nairuzi, siku zahesabiwa makumi makumi, miongo, na kila mwongo una kazi yake, huu wa kupanda, huu wa jahazi kuondoka. Hawakuwa wakingoja mvua tu, walikuwa wakiangalia kila siku ya mwaka, na nahodha wa Uarabuni aliyekosea kuisoma kusi alibaki bandarini huku kwetu mpaka msimu ufuate.

Na kama mnataka kazi ya usiku badala ya siku ya 16, ipo. Machi 2020 watu Uingereza wamefungiwa ndani kwa korona, profesa Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading akaomba watu wa kawaida wasaidie kunakili kwenye kompyuta karatasi za zamani za mvua zilizoandikwa kwa mkono, za kuanzia 1677 mpaka 1960. Walijitokeza zaidi ya 16,000, na kwa siku 16 wakamaliza kurasa 66,000, vipimo zaidi ya milioni 5. Karatasi hizo zina sifuri ngapi unafikiri? Kuna mtu alikuwa amekaa peke yake ndani ya nyumba anachapa sifuri ya mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, na ile sifuri ikaingia kwenye rekodi ya taifa. Na kuna data za ERA5, bure kabisa, hali ya hewa ya dunia nzima saa kwa saa kurudi mpaka 1940, keti na binamu yako mzitafute baridi zake zote za 2006, 2010, 2019, muangalie na bahari yetu ilikuwaje mwaka huohuo. Hapo ndipo swali lako la kwanza utalijibu mwenyewe kwa ushahidi kuliko kwa maneno yangu.

Jambo moja linakaa moyoni mwangu na nitalisema. Wewe vuli ikikosa unakosa raha, lakini Ganze na Kinango ikikosa wanakosa maji, na kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, mbuzi wakafa, kina mama wakatembea na mitungi kilomita nyingi. Sikwambii hivyo uone aibu kupenda mvua, kuipenda mvua si dhambi. Nakwambia kwa sababu huko bara ya pwani vipimamvua ni vichache mno, na kijana aliyezoea kuandika kila siku ni mtu wa thamani. Kama una jamaa huko mpelekee mkebe wenye pande zilizonyooka na rula, mfundishe saa tatu asubuhi, basi, kituo kimezaliwa.

Sasa daftari lako. Kesho saa tatu asubuhi panda darini. Usijaze sifuri kwa siku ulizoziruka, hata kama una hakika jua lilikuwa linawaka, hukwenda kuangalia, ziwekee mstari ujulikane kwamba hazikusomwa. Chupa imekaa tangu Novemba, kwa hiyo kama mna maji ndani yapime, ukisoma chini ya ule mkunjo wa maji si kwenye kingo, halafu andika kwamba hiyo ni jumla ya siku zote hizo, na kwa joto hili la kaskazi mengine yashapaa. Faneli lazima imejaa majani ya mwarobaini, isugue. Rudisha chupa, hakikisha mdomo umelala sawa haujainama, ondoka. Ukishuka niandikie ni milimita ngapi umezikuta.